Gesi ya AC Haiishi Kama Petroli

Leo naweka pembeni mambo ya kompyuta, au tuseme nayaweka pembeni nusu. Kazi yangu ni kuandika programu, na wengi mnaopita hapa mmezoea kunikuta nikilalamika kuhusu databesi, seva na intaneti inayokatika mvua ikianza kunyesha Changamwe. Lakini kuna ugonjwa mmoja ninaouona kwenye ofisi za kompyuta, na ugonjwa huo huo umejaa kwenye gereji zetu za ng'ambo ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Ni ugonjwa wa kutuliza dalili bila kutafuta chanzo.

Nenda na gari lako gereji, useme hivi: "Fundi, AC haileti baridi." Mara nyingi jibu litakuja kabla boneti haijafunguliwa: "Hiyo yataka gesi tu, bosi." Mtungi unaletwa, mpira unafungwa, gesi inaingia, baridi inarudi, unalipa, unaondoka umefurahi. Baada ya miezi miwili mitatu unarudi palepale na lalamiko lilelile, na jibu ni lilelile. Watu wamezoea hata wanasema, "AC yangu nailisha gesi kila baada ya miezi mitatu," kama vile mtu anavyozungumzia kubadilisha oili ya injini.

Maoni yangu ni haya: kujaza gesi bila kupima ni sawa na kuzima seva na kuiwasha tena kila inapokwama, kisha kumtumia mteja bili ya matengenezo. Si matengenezo. Na lawama haimwangukii fundi peke yake. Sisi wateja ndio tuliompa sababu ya kufanya hivyo, na nitaeleza.

Mzunguko uliofungwa

Kwanza tuelewane jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hakuna atakayekudanganya kirahisi.

Petroli huingia kwenye injini, ikaungua, ikatoka kama moshi. Imetumika, imekwisha. Gesi ya AC haifanyi hivyo. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, gesi ileile, mwaka baada ya mwaka. Kompresa inaikandamiza, inapata joto na presha kubwa. Inaingia kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na inayokaa mbele ya rejeta, ambako hewa ya nje inaipoza hadi inageuka kuwa maji maji. Inapita kwenye kikaushio kinachonyonya unyevu. Kisha inapitishwa kwenye tundu dogo la vali ya upanuzi, presha inaanguka ghafla, nayo inaanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kitu kinapochemka hunyonya joto, na joto linalonyonywa hapo ni lile la ndani ya gari lako. Baada ya hapo inarudi kwa kompresa, na safari inaanza upya.

Gesi iliyomo kwenye magari mengi tunayoyaendesha hapa ni R134a. Katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Magari mapya zaidi yameanza kuja na R1234yf. Gari dogo huhitaji kiasi kidogo tu, mara nyingi kati ya gramu 350 na 600, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Sasa, kama mzunguko umefungwa, gesi inakwenda wapi? Jibu ni moja: inavuja. Gari la miaka mingi linaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira na viungo, na hilo ni la kawaida. Lakini mtambo unaopoteza gesi yake kwa miezi mitatu una tundu. Kumwambia mwenye gari "gesi imekwisha" bila kumwambia imetokea wapi ni kumpa nusu ya sentensi.

Mtungi wa jikoni unatufundisha

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Fundi anafunga geji injini ikiwa imezimwa, anaona sindano imesimama mahali fulani, anasema "gesi iko nusu". Hawezi kujua hivyo, hata kama ana macho ya tai.

Fikiria mtungi wa gesi ya kupikia. Ukiwa umejaa au umebaki robo, jiko linawaka sawasawa. Kisha siku moja, pilau ikiwa haijaiva, moto unafifia na kuzimika. Kwa nini haukupungua polepole kwa mwezi mzima? Kwa sababu maadamu kuna maji maji ndani ya mtungi, presha inaamuliwa na joto la mahali, haiamuliwi na kiasi kilichobaki. Ndiyo maana muuzaji wa gesi anaupima mtungi kwa mizani.

R134a ni vivyo hivyo. Siku ya nyuzi 30 hivi, injini ikiwa imezimwa na imepoa, geji zote mbili zitasoma karibu psi 97. Ikiwa nyuzi 32, zitasoma kama 104. Zitasoma hivyo hivyo ikiwa gesi imejaa, na hivyo hivyo ikiwa imepungua kwa theluthi. Geji iliyosimama inakuambia mambo mawili tu: kuna gesi, au karibu hakuna kabisa. Njia ya uhakika ya kujua kiasi ni kuitoa kwa mashine, kuipima, na kurudisha uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Fundi anayejaza "mpaka bomba litoe jasho" anakisia, na hapa kwetu pwani, ambako unyevu ni mwingi, bomba hutoa jasho mapema sana.

Anza na lililo rahisi

Anayeandika programu hufundishwa kwamba kabla hujagusa kodi, hakikisha unajua hasa kinachoharibika. Kwenye AC swali la kwanza ni dogo sana: je, hewa haitoki, au hewa inatoka lakini si baridi? Ni hitilafu mbili tofauti kabisa, na watu huzichanganya kila siku.

Kama hewa haitoki, au inatoka tu ukiweka feni ya ndani kwenye namba ya mwisho, hiyo haihusiani na gesi hata chembe. Mara nyingi ni kile kipande cha umeme kinachopunguza kasi ya feni kilichoungua. Kama hewa inatoka kidogo kidogo hata kwenye namba 4, toa kichungio cha hewa ya ndani, ambacho kwenye magari mengi kimekaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Nimetoa vichungio vilivyokuwa na majani, manyoya na vumbi la barabara mpaka mwanga haupiti. Mwenye gari alikuwa ameshalipia gesi mara mbili.

Kama hewa inatoka vizuri lakini si baridi, fungua boneti, mtu mwingine awashe AC, nawe utazame uso wa mbele wa kompresa. Kwenye kompresa yenye klachi utasikia mlio "tak!" na utaona sahani ya mbele ikianza kuzunguka pamoja na mkanda. Isipozunguka, usikimbilie mtungi. Angalia fyuzi. Angalia rilei; mara nyingi utapata nyingine ya aina ileile kwenye kisanduku hicho hicho, kama ya honi, zibadilishane kwa dakika moja. Pima kama umeme unafika kwenye plagi ya klachi. Ukifika na klachi haishiki, tatizo ni klachi. Usipofika, huenda swichi ya presha imeukata kwa sababu gesi iko chini sana au juu sana, na hapo sasa ndipo geji zinapoingia kazini.

Tahadhari moja: kompresa nyingi za siku hizi hazina klachi, zinazunguka muda wote na kubadilisha nguvu zenyewe kwa ndani. Hizo hazipigi mlio wowote. Kukosa kusikia "tak" hakuthibitishi kitu kwenye gari la aina hiyo.

Na kuna kipimo cha bure ambacho Mombasa inatupa: maji chini ya gari. Hewa yetu imejaa unyevu, na evaporeta iliyo baridi huutoa unyevu huo na kuudondosha chini. Gari lililosimama na AC inawaka kwa robo saa bila kudondosha hata tone halipozi kitu. Ikiwa maji yanaloesha zulia la ndani, basi bomba la kutolea maji limeziba, na hiyo ni kazi ya waya mwembamba na dakika kumi.

Foleni ya feri ni maabara

Watu wa Likoni tunalalamika sana kuhusu foleni ya kivuko, hata baada ya barabara ya Dongo Kundu kutupa njia nyingine. Lakini kwa mtu anayetafuta hitilafu ya AC, foleni ile ni maabara nzuri. Gari limesimama, injini inanguruma polepole, jua la saa saba liko juu ya paa, hewa haipiti mbele. Kila udhaifu unajitokeza.

Jirani yangu hapa Likoni anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Kwake AC si anasa. Abiria akitoka na jasho anampa nyota tatu, nyota zikishuka kazi inapungua, na kazi ikipungua gari linarudi kwa mwenyewe. Alikuwa ameshajaza gesi mara nne ndani ya miezi mitano kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Nilipomuuliza dalili, alisema kitu ambacho kingetosha kumwamsha mtu yeyote: "Nikishavuka nikiingia barabarani, baridi safi kabisa. Nikiwa kwenye foleni, inapuliza joto."

Isome tena sentensi hiyo. Kama gesi ingekuwa imepungua, ingekuwa imepungua Likoni na ingekuwa imepungua kisiwani. Kitu kikubwa kinachobadilika kati ya foleni na barabara ni upepo unaopita kwenye kondensa. Gari likienda, mwendo wenyewe unaleta upepo. Likisimama, feni ya mbele ndiyo inayobeba kazi yote.

Tulisimamisha gari, tukawasha AC na kufunga geji. Upande wa presha ya juu ulipanda, ukapita psi 300, ukaendelea, hadi swichi ikaizima kompresa. Ndipo nikamwagia kondensa ndoo ya maji polepole. Sindano ikashuka tukiitazama, kompresa ikarudi, na baridi ikaanza kutoka ndani. Ndoo moja ya maji ilikuwa imejibu swali ambalo mitungi minne haikujibu. Feni ya kondensa ilikuwa haizunguki. Umeme ulikuwa unafika kwenye plagi yake vizuri. Mota ndiyo iliyokuwa imekufa. Akanunua ya mtumba, ikafungwa kwa nusu saa.

Kulikuwa na kazi ya pili. Kwa sababu ya kuongezewa mara kwa mara, gesi ilikuwa imezidi kiasi, na gesi ikizidi hupandisha presha na kuichosha kompresa. Ilibidi itolewe kwa mashine na kurudishwa kwa uzito sahihi. Yaani alikuwa amelipa mara nne ili tatizo lake liwe kubwa zaidi.

Geji zinapozungumza

Geji zinasomwa kwa pamoja, mtambo ukifanya kazi. Siku ya nyuzi 30 hadi 32, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, upande wa chini huwa takriban psi 30 hadi 50, na wa juu 200 hadi 280. Kila gari lina vipimo vyake, lakini sura za hitilafu zinafanana:

Pande zote mbili ziko chini: gesi ni pungufu. Tafuta inakovujia.

Pande zote mbili ziko juu: gesi imezidi, kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Mwagia maji kwanza kabla hujatoa chochote.

Wa chini uko juu na wa juu uko chini, yaani zinakaribiana: kompresa imechoka, haikandamizi. Hapa gesi haisaidii hata ukitia mtungi mzima.

Wa chini umeanguka karibu na sifuri au hata chini yake, na baridi hakuna: kuna kizuizi, mara nyingi kwenye vali ya upanuzi au kikaushio.

Baridi inakuja, inapotea, inakuja, na sindano ya chini inazama kisha inarudi: huenda kuna maji ndani ya mzunguko yanayoganda kwenye tundu la vali, yakayeyuka, yakaganda tena.

Geji ni nzuri kabisa na bomba la kurudi kwa kompresa ni la baridi, lakini ndani ya gari kunatoka joto: tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye mlango mdogo unaochanganya hewa ya moto na ya baridi. Mota yake ikikwama, AC inapoza na hita inapasha kwa wakati mmoja.

Hitilafu sita, na ni moja tu inayohusu gesi pungufu. Ukijibu "gesi" kwa zote sita, utapatia mara moja moja, kama saa iliyosimama.

Gari linajua, muulize

Hili nalipenda zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Magari mengi ya Toyota yenye AC ya otomatiki, ile yenye namba za nyuzi kwenye kioo kidogo, yana logi yake ndani. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, ushikilie, kisha washa swichi. Taa zitamweka, halafu namba zitaonekana. 00 ni salama. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ni ya joto la nje, 13 ni ya evaporeta, 21 ni sensa ya jua. Ukimaliza bonyeza OFF.

Lakini usiamini logi kama kasuku. Ukifanya kipimo hiki ukiwa ndani ya gereji yenye kivuli, namba 21 inaweza kutokea ingawa sensa ni nzima, kwa sababu tu haioni jua. Nina hakika kuna sensa nyingi zilizonunuliwa bure kwa sababu ya kivuli cha mabati. Toa gari nje, pima tena. Ujumbe wa hitilafu ni ushahidi. Hukumu ni yako.

Chumvi, mafuta na vumbi

Kama kweli gesi inavuja, inaweza kuonekana. Ndani ya mzunguko gesi huzunguka pamoja na oili ya kompresa, na inapovuja hutoka na oili kidogo. Vumbi linaganda juu ya oili hiyo. Kwa hiyo tochi na macho vinatosha kuanzia: tafuta doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye viungo vya mabomba, kwenye shingo ya kompresa, kwenye vali za kujazia, na kwenye kondensa yenyewe. Povu la sabuni huonyesha tundu la wastani. Rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau huonyesha dogo zaidi.

Huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa. Imekaa mbele kabisa, ni ya alumini nyembamba, inapigwa na mawe ya barabara na upepo wa bahari wenye chumvi siku nzima. Gari linalolala Shelly Beach au Bamburi si sawa na gari linalolala Machakos. Suuza kondensa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Haigharimu chochote.

Tundu likishazibwa, kazi haijaisha. Mzunguko ukifunguliwa unaingiza hewa na unyevu. Lazima pampu ya vakyumu ifungwe, ivute kwa angalau nusu saa hivi. Kwenye vakyumu nzuri maji huchemka hata kwenye joto la kawaida na kutolewa kama mvuke. Kisha pampu izimwe na sindano itazamwe: ikipanda, bado kuna tundu. Unyevu ukiachwa ndani unachanganyika na gesi na oili kutengeneza asidi inayokula mtambo polepole. Fundi anayeruka hatua hii anakuuzia hitilafu ya mwaka ujao.

Hatari zisizoonekana

Mambo mawili yananitia wasiwasi kuliko pesa.

La kwanza ni magari ya haibridi. Prius na Aqua zina kompresa inayoendeshwa kwa umeme mkubwa wa betri, na hutumia oili ya aina yake isiyopitisha umeme. Ukitia oili ya kawaida ya PAG, ile ambayo fundi ameitumia kwenye Fielder na Vitz zote, unaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Kuna mikebe ya gesi inayokuja na oili ndani. Soma mkebe. Na mtu asiye na mafunzo asiguse nyaya za rangi ya chungwa.

La pili ni gesi bandia. Mombasa ni mji wa bandari, kwa hiyo kisa hiki kinatuhusu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamefanyiwa matengenezo Vietnam yalilipuka na kuua watu, na bandari kadhaa duniani zikatenga makontena mengi kwa hofu. Uchunguzi ulionyesha yalitiwa gesi iliyochanganywa na R40, kemikali inayoshambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikigusana na hewa. Mtungi uliandikwa R134a, ndani mlikuwa na kingine. Kila unapojaza bila sababu, unaongeza nafasi ya kukutana na mtungi wa namba hiyo.

Na gesi halisi nayo haipotei hewani bila gharama. Kwa hesabu inayotumika katika makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, kilo moja ya R134a hupasha dunia mara 1,430 zaidi ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Nusu kilo inayovuja ni sawa na kilo 715. Makubaliano hayo yalianza kutumika 2019, na nchi za kundi letu zilipangiwa kusimamisha ongezeko kuanzia 2024, kisha kupunguza hatua kwa hatua hadi asilimia 80 ifikapo 2045. Bidhaa inayopunguzwa kwa makusudi haitarajiwi kuwa rahisi. Tabia ya kulisha gari gesi itakuwa ghali mwaka hadi mwaka.

Lawama ni ya nani?

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Najua atakayesema: "Wewe una kazi ya ofisini. Dereva wa teksi hana muda wa vakyumu. Anataka baridi leo, apate unga leo." Ni kweli. Na fundi wa kando ya barabara hajapelekwa chuo. Amejifunza kwa kumshikia mwingine spana. Mashine ya kutoa na kupima gesi si ya bei ya mchezo.

Lakini tufanye hesabu. Tuseme kujaza ni shilingi 3,500. Mara nne ni 14,000. Jirani yangu alitengeneza feni kwa chini ya nusu ya pesa hizo. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kukisia.

Tatizo la kweli ni jinsi tunavyolipa. Fundi akitumia saa nzima kutafuta, akagundua ni rilei ya shilingi 300, mteja anamwambia: "Rilei tu? Nikupe nini sasa, kwani umefanya nini?" Anampa mia mbili za soda. Fundi mwingine anajaza gesi kwa dakika kumi, analipwa elfu tatu na nusu bila ubishi. Baada ya mwaka mmoja wa hayo, wote wawili watakuwa wanajaza gesi. Tumeweka bei kwenye kitu kinachoshikika na kuukataa ujuzi. Sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hii: mteja hutaka kulipia mistari mingi ya kodi, lakini siku nzima ya kutafuta mstari mmoja mbovu anaiita uvivu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Mafundi, wekeni ada ya uchunguzi, itangazwe mapema, shilingi 500 au 1,000, na mteja apewe vipimo kwa maandishi: presha ya chini, presha ya juu, joto la nje, joto la hewa inayotoka. Wateja, tulipe ada hiyo bila kununa, hata kama kilichopatikana ni fyuzi. Hasa kama kilichopatikana ni fyuzi.

Na kabla mtungi haujafunguliwa, uliza maswali matatu. Inavuja wapi? Utavuta vakyumu kwa dakika ngapi? Utatia gramu ngapi? Fundi anayejua kazi atafurahi kuulizwa, na pengine atakuonyesha tundu kwa kidole. Asiyejua atakuambia una maneno mengi. Mshukuru, funga boneti, nenda kwa mwingine.

Kwa leo nakomea hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye databesi, hiyo nayo inavuja :-)